Bila Kutajwa: Uhakiki wa Usimbaji wa Madhara ya Tiba katika Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna madhara yatokanayo na tiba na upasuaji yanavyopewa msimbo, au yanavyoukosa, katika kumbukumbu za afya. Eneo linalorejelewa ni mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kabezi hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Hoja kuu ni kwamba Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, Toleo la 10, hautenganishi madhara yaliyotokana na mkasa na yale yasiyotokana na mkasa, bali hutenganisha yaliyotajwa na yasiyotajwa. Kwa hiyo msimbo huamuliwa na sentensi iliyoandikwa kwenye faili kabla msimbaji hajalifungua. Makala yanaonyesha kuwa sentensi hiyo, katika Kiswahili na Kirundi, huelekea kujengwa kwa kauli ya kutendeka, ambayo kisarufi haina nafasi ya mtenda, na kwamba Kifaransa cha faili huipokea kwa nomino ambazo nazo hazimtaji mtenda. Makala yanahitimisha kuwa Toleo la 11, lenye sehemu tatu za madhara, chanzo na namna, linaweza kufikiwa kwa sarufi ambayo wasemaji wa eneo hili tayari wanayo, endapo istilahi zitachaguliwa kwa uangalifu.

Istilahi muhimu: usimbaji, madhara ya tiba, maambukizi ya kidonda cha upasuaji, kauli ya kutendeka, Rumonge

1.0 Utangulizi

Rumonge ni mji wa bandari, wa uvuvi na wa mawese, na ni mojawapo ya sehemu za Burundi ambako Kiswahili ni lugha ya soko, ya mtumbwini na ya nyumbani, pamoja na Nyanza-Lac upande wa kusini na mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura. Barabara ya taifa namba 3 inaufuata ufuo kutoka Bujumbura, inapita Kabezi, Magara na Minago, kisha inaingia Rumonge na kuendelea hadi Nyanza-Lac. Mgonjwa wa mwambao huu huishi katika lugha tatu kwa siku moja. Hueleza maumivu yake kwa Kirundi au Kiswahili, husikilizwa kwa lugha hizohizo, na huandikwa kwa Kifaransa. Akivuka ziwa kwenda Baraka au Uvira atakuta faili la Kifaransa tena. Akienda Kigoma atakuta faili la Kiingereza. Kitu pekee kinachotarajiwa kuwa na maana ileile katika mafaili yote hayo ni msimbo.

Ndiyo maana usimbaji ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la takwimu. Kwa magonjwa kama malaria au kipindupindu kazi ya msimbaji ni nyepesi kiasi, kwa kuwa ugonjwa una jina na jina lina msimbo. Ugumu huanza pale ambapo madhara yanatoka kwenye huduma yenyewe: mshono uliotunga usaha, kibofu kilichotoboka wakati wa upasuaji, mguu uliopooza baada ya sindano. Hapo msimbo hauulizi tu mgonjwa ana nini, bali pia amekipata wapi na vipi. Makala haya yanachunguza jinsi maswali hayo mawili yanavyopotea njiani, na gharama ya kupotea kwake kwa mtunga sera anayelitegemea jedwali.

2.0 Vipofu wasiokuwa na safu

Suala hili si geni katika mwambao wa Tanganyika. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea kwenye kingo za maziwa makuu, na utawala wa Kijerumani ukaweka kambi za matibabu, zikiwemo za upande wa Urundi. Mari Webel, katika kitabu chake cha mwaka 2019 kuhusu siasa za udhibiti wa malale Afrika Mashariki, ameichambua Imbo ya kusini, yaani ukanda huu wa ufuo, kama mojawapo ya maeneo yake matatu ya uchunguzi. Dawa iliyotumika kambini ilikuwa atoksili, mchanganyiko wenye aseniki, ambao Robert Koch aliujaribu katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, mwaka 1906 na 1907. Koch alipoongeza kipimo cha dawa, baadhi ya wagonjwa walipoteza uwezo wa kuona. Yeye mwenyewe aliripoti vipofu 22.

Inafaa kuuliza mtu wa namna hiyo angeandikwa wapi katika orodha ya kimataifa ya wakati wake. Orodha iliyokuwepo, iliyopitishwa mwaka 1893 kutokana na kazi ya Jacques Bertillon, ilikuwa orodha ya sababu za vifo, na kipofu wa atoksili hakuwa amekufa. Ilipofika mwaka 1948 tu, kwa Toleo la 6 chini ya Shirika la Afya Duniani, ndipo uainishaji huo ulipopanuliwa rasmi kuwahusu wagonjwa walio hai. Leo mtu huyo angepata misimbo miwili katika Toleo la 10: H47.2 kwa kusinyaa kwa neva ya jicho, na Y41.3 kwa dawa ya vimelea iliyomdhuru ilipotumiwa kwa tiba.

Tofauti kati ya misimbo hiyo miwili ndiyo kiini cha uhakiki huu. Wa kwanza unaeleza jicho. Wa pili unaeleza historia ya jicho. Faili lenye msimbo wa kwanza peke yake si la uongo, lakini linamgeuza mtu aliyedhuriwa na tiba kuwa mtu mwenye ugonjwa wa macho. Orodha ya 1893 haikuwa na safu kwa ajili yake. Toleo la 10 linayo, ila safu yenyewe hujazwa pale tu ambapo kuna aliyeandika neno la kuijaza.

3.0 Usaha mmoja, misimbo minne

Toleo la 10, lililoidhinishwa mwaka 1990, limetenga kundi la T80 hadi T88 kwa matatizo yatokanayo na huduma ya upasuaji na tiba. Msomaji wa sera anaweza kudhani kuwa kulihesabu kundi hilo ni kuyahesabu madhara ya tiba. Dhana hiyo haisimami.

Chukulia wagonjwa wanne wa kufikirika, wote wakiwa na usaha mahali ambapo mhudumu alipenyeza chuma. Mwanamume aliyepasuliwa ngiri, mshono wake ukaambukizwa, hupewa T81.4, maambukizi yanayofuata utaratibu wa tiba, yasiyoainishwa kwingineko. Mtoto aliyeota jipu mahali alipochomwa sindano ya dawa hupewa T80.2. Aliyepata maambukizi baada ya chanjo hupewa T88.0. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, mshono wake ukatunga usaha, hatoki kwenye kundi hilo kabisa. Yeye hupewa O86.0, katika sura ya ujauzito na uzazi, kwa kuwa T81.4 humtoa waziwazi.

Kwa mantiki ya uainishaji, mpangilio huo unaeleweka, kwa sababu sura ya uzazi ina kipaumbele. Kwa mantiki ya mwambao wa Tanganyika, mpangilio huo ni kama kuuhesabu uvuvi wa ziwa hili bila dagaa. Uchunguzi wa matokeo ya upasuaji Afrika uliochapishwa mwaka 2018, uliohusisha hospitali 247 katika nchi 25, ulionyesha kuwa upasuaji wa kujifungua ulikuwa theluthi moja ya upasuaji wote, na kuwa maambukizi ndiyo tatizo lililojitokeza zaidi ya mengine. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016 kuwa, barani Afrika, hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Mchambuzi anayekusanya T80 hadi T88 bila kuongeza O86.0 amewaacha nje wagonjwa ambao pengine ndio wengi kuliko wote.

Hiyo ni nusu ya kwanza ya tatizo, na inatibika kwa maelekezo mazuri ya kuhesabu. Nusu ya pili ni nzito zaidi. Msimbo wa madhara huhitaji kuambatana na msimbo wa chanzo cha nje, na hapo Toleo la 10 linatoa njia mbili. Y60 hadi Y69 ni mikasa inayompata mgonjwa wakati wa huduma: kukatwa au kutobolewa bila kukusudia, kukosekana kwa usafi wa vifaa, kitu kusahauliwa mwilini. Y83 na Y84 ni taratibu za tiba zilizosababisha mwitikio usio wa kawaida au tatizo la baadaye, bila kutajwa mkasa wakati wa utaratibu wenyewe.

Maneno mawili, bila kutajwa, yanabeba uzito wote. Uainishaji haudai kuwa mkasa haukutokea. Unadai tu kuwa hakuna aliyeutaja. Hilo ni tamko la uaminifu kutoka kwa waainishaji, waliojua kuwa msimbaji hakuwepo chumba cha upasuaji. Lakini jedwali linapopanda ngazi kutoka hospitali hadi wilaya, na kutoka wilaya hadi wizarani, sharti hilo la lugha hudondoka. Kinachosomwa mwishoni ni tatizo la baadaye, na msomaji hulielewa kuwa jambo lisilo na mkasa. Ukimya wa mwandishi wa faili unageuka kuwa ushahidi wa usalama. Hospitali inayoandika kwa ukweli kuwa vifaa havikuchemshwa ipasavyo itapata Y62.0 na kuonekana hatari. Inayonyamaza itapata Y83 na kuonekana salama. Kadiri kumbukumbu zinavyokuwa bora, ndivyo takwimu zinavyoonekana mbaya, na mtunga sera asiyelijua hilo atampa tuzo aliyenyamaza.

4.0 Kauli ya kutendeka na mtenda asiyekuwepo

Ikiwa msimbo unategemea kutajwa, swali linalofuata ni la kiisimu: lugha za mwambao hutaja vipi?

Kiswahili kina mbinu mbili za kuondoa mtenda kwenye nafasi ya kiima. Kauli ya kutendwa humwondoa lakini humwachia mlango: kibofu kimetobolewa, na anayetaka anaweza kuongeza na mpasuaji. Kauli ya kutendeka humwondoa na kuufunga mlango: kibofu kimetoboka. Hakuna msemaji atakayesema kibofu kimetoboka na mpasuaji. Tukio limebaki, lakini limegeuka kuwa hali ya kibofu. Kirundi, kama lugha nyingine nyingi za Kibantu, kina kiambishi chenye kazi hiyohiyo. Kuvunika ni neno lenye umbo na maana ileile katika lugha zote mbili, na halisemi nani alivunja. Mgonjwa anayehama kutoka Kirundi kwenda Kiswahili katikati ya maelezo yake hapati nafuu wala hasara kwa upande huu.

Msamiati wa kawaida wa Kiswahili kuhusu madhara ya tiba umejaa kauli hii pamoja na jamaa zake. Mshono umeachia. Kidonda kimefunguka. Kidonda kimetunga usaha. Jipu limemwota. Mguu umepooza. Katika kila sentensi kiima ni kiungo au kidonda, na kitenzi kinakieleza kana kwamba kimejitendea. Hata pale mtenda anapotajwa, huwa si mtu. Dawa imemkataa ni usemi ulioenea, na unabeba nadharia nzima kuwa dawa na mwili havikupatana, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa kuhusu kipimo. Sindano imegusa mshipa unamweka mtenda kwenye sindano. Nchini Uganda, watafiti wameeleza katika wilaya ya Kumi watoto waliopooza mguu, au misuli yao ya makalio kukakamaa, baada ya kuchomwa sindano, hasa za kwinini. Katika Toleo la 10 madhara ya namna hiyo yana G57.0 kwa neva ya makalio, na Y60.3 kwa kutobolewa bila kukusudia wakati wa sindano. Usemi mguu umepooza utamfikisha msimbaji kwenye nusu ya kwanza pekee, na kama hakuuliza zaidi, huenda ukamfikisha kwenye kupooza kusikojulikana chanzo.

Kifaransa cha faili hakirekebishi upungufu huu. Lugha ya faili la hospitali, popote Kifaransa kinapotumika, hupenda nomino: usaha wa ukuta wa tumbo, kuachia kwa mshono, kupooza kwa neva. Nomino haina nafsi, haina wakati, na haina mtenda. Muuguzi aliyesikia mshono umeachia kwa Kiswahili akaandika kuachia kwa mshono kwa Kifaransa ametafsiri kwa uaminifu kamili. Kilichokosekana mwanzoni kimekosekana mwishoni, bila mtu yeyote kudanganya.

Ni muhimu kutoigeuza hoja hii kuwa lawama kwa lugha. Kauli ya kutendeka ina kazi yake katika adabu ya Waswahili. Mbele ya mzazi aliyelala, mshono umeachia ni tafsida inayomlinda mgonjwa dhidi ya hofu na kumlinda mhudumu dhidi ya shutuma ambazo huenda hazistahili, kwa maana mshono unaweza kuachia hata pale kila kitu kimefanywa sawasawa. Kauli hiyo kitandani ni ya huruma. Tatizo ni pale inapotoka kitandani na kuingia kwenye faili bila kubadilika, kwa sababu faili halihitaji kufarijiwa.

5.0 Fistula: msimbo mmoja, dawa mbili

Gharama ya ukimya huu inaonekana wazi zaidi katika fistula. Toleo la 10 linaiweka fistula kati ya kibofu na uke katika N82.0. Msimbo huo unaeleza tundu. Hausemi tundu lilitokeaje. Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni uchungu uliokwama kwa muda mrefu, kichwa cha mtoto kikazibana tishu hadi zikafa. Ya pili ni kisu au uzi wa mpasuaji kukigusa kibofu au mrija wa mkojo wakati wa upasuaji wa kujifungua au wa kuondoa kizazi.

Raassen, Ngongo na Mahendeka walichapisha mwaka 2014 mapitio ya majeraha 805 ya aina hii ya pili, yaliyokusanywa kwa miaka 18, na sehemu kubwa yalifuata upasuaji wa uzazi. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa mafaili ya wapasuaji wa fistula yaliandika kisa kizima cha kila mwanamke. Msimbo peke yake usingetosha.

Kwa mshauri wa sera, njia hizo mbili zinadai hatua zinazotofautiana. Fistula ya uchungu uliokwama huzuiwa kwa kumfikisha mama hospitalini mapema: magari ya wagonjwa, simu, barabara, mtandao wa rufaa kama ule uliojengwa Kabezi na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Fistula ya upasuaji huzuiwa ndani ya chumba cha upasuaji: mafunzo, usimamizi wa madaktari wapya, muda wa kutosha, mwanga wa kutosha. Mwaka 2006 Burundi iliondoa malipo kwa huduma za uzazi, ukiwemo upasuaji, na kwa watoto walio chini ya miaka 5. Mwaka 2010 shirika hilohilo lilifungua kituo cha Urumuri mjini Gitega kwa ajili ya wanawake wenye fistula. Sera inayofungua mlango wa upasuaji kwa wengi hupunguza aina ya kwanza ya fistula, na isipoambatana na ubora, inaweza kuongeza ya pili. Kwa idadi ya N82.0 pekee, kupungua kwa moja na kuongezeka kwa nyingine vinaweza kufutana, na jedwali likaonyesha mstari ulionyooka. Mtunga sera ataongeza magari ya wagonjwa, na magari hayo yatawafikisha wanawake haraka zaidi mahali ambapo madhara yanatokea.

6.0 Hesabu, malipo na mipaka

Inaweza kudaiwa kuwa usimbaji wa kina ni anasa kwa hospitali ya wilaya yenye wahudumu wachache. Ushahidi wa Burundi yenyewe unapinga dai hilo. Kathryn Chu na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti kuhusu maambukizi ya kidonda baada ya upasuaji wa kujifungua katika hospitali nne za miradi ya Madaktari Wasio na Mipaka nchini Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sierra Leone. Kati ya wanawake 1,276, waliopata maambukizi walikuwa 93, yaani asilimia 7.3. Wastani wa kati wa siku za kulazwa ulikuwa 7 kwa wasio na maambukizi na 21 kwa walioambukizwa. Kwa hesabu hiyo, kitanda cha mama mmoja mwenye usaha kingeweza kuwapokea wazazi watatu. Hospitali yenye uhaba ndiyo inayoihitaji hesabu hiyo zaidi, kwa kuwa ndiyo isiyoweza kumudu kuvipoteza vitanda bila kujua vinapotelea wapi.

Kilichowezesha hesabu hiyo hakikuwa mashine. Ulikuwa uamuzi uliofanywa kabla ya kuhesabu, kwamba usaha wa mshono ni tukio la upasuaji na si ugonjwa mpya wa ngozi. Uamuzi huo hauna uhakika katika mfumo wa kawaida. Mama aliyeruhusiwa siku ya 7, akatunga usaha siku ya 12 akiwa kwao Minago, ataenda kituo cha afya kilicho karibu. Huko ni mgonjwa wa nje mwenye kidonda. Ripoti ya mwezi hujumlisha idadi kwa vichwa vya habari na haimfuati mtu mmoja, kwa hiyo upasuaji wake na kidonda chake vinaweza kuingia kwenye mfumo kama mafanikio ya hospitali na mzigo wa kituo, vitu viwili visivyojuana.

Mpangilio wa malipo unaongeza uzito. Tangu mwaka 2010 Burundi imeeneza nchi nzima ufadhili unaozingatia matokeo, ambapo vituo hulipwa kwa kiasi cha huduma zilizotolewa, pamoja na alama za ubora. Mfumo huo umesifiwa kwa kuongeza huduma, na sifa hiyo haipingwi hapa. Kinachohojiwa ni jinsi unavyokutana na kauli ya kutendeka. Palipo na malipo kwa upasuaji, na ubora unaopimwa kwa alama, mwandishi wa faili hana kishawishi cha kuandika chanzo, na lugha imekwisha kumpa sentensi isiyokuwa nacho. Haihitajiki nia mbaya. Inatosha kufuata mazoea.

Mipaka nayo imehama. Rumonge ilikuwa sehemu ya mkoa wa Bururi hadi ilipofanywa makao ya mkoa wake mwaka 2015. Kwa sheria ya mwaka 2023 inaingia katika mkoa mpya wa Burunga, pamoja na Nyanza-Lac iliyokuwa Makamba. Kichwa cha jedwali kikibadilika mara mbili ndani ya miaka kumi, ulinganisho wa miaka huwezekana tu ikiwa msimbo wa kila tukio umeandikwa vizuri kutoka chini.

7.0 Sehemu tatu na rasilimali za sarufi

Toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, limejenga upya eneo hili. Badala ya msimbo mmoja kubeba kila kitu, tukio la madhara ya tiba huelezwa kwa sehemu tatu zinazounganishwa: madhara yenyewe, chanzo chake (utaratibu, kifaa au dawa), na namna yalivyotokea. Ubora wa muundo huu ni kwamba unamlazimisha mwandishi kujibu maswali matatu mafupi badala ya kutoa hukumu moja ndefu. Udhaifu wake ni kwamba, kama sehemu ya tatu haikuandikwa, ukimya wa zamani unarudi katika vazi jipya.

Hapa ndipo Kiswahili kinaweza kuchangia, kwa kuwa sehemu hizo tatu zinakaribiana na vitu ambavyo kitenzi cha Kiswahili hufanya kila siku. Kauli ya kutendeka hueleza madhara: kibofu kimetoboka. Kauli ya kutendea hueleza mahali bila kumlaumu mtu, kama inavyosemwa amefia njiani. Vivyo hivyo inaweza kusemwa kidonda kimeozea wodini. Kauli ya kutendwa pamoja na kwa hueleza namna: kimetobolewa kwa mkasi wakati wa kutenganisha kovu la zamani. Muuguzi hahitaji kujifunza fikra mpya. Anahitaji fomu inayomtaka aandike vitenzi vitatu badala ya nomino moja.

Linabaki suala la istilahi, na si dogo. Kichwa cha Y60 hadi Y69 katika Kifaransa hutumia neno la ajali. Kiingereza hutumia neno la kale lenye maana ya mkasa au bahati mbaya. Kiswahili kikichagua kosa, fomu haitajazwa, kwa kuwa hakuna mhudumu atakayejishtaki kwa mkono wake. Kikichagua bahati mbaya, fomu itajazwa lakini uchunguzi utaishia hapo, maana bahati haichunguzwi. Makala haya yanapendekeza mkasa. Waswahili husema visa na mikasa, na mkasa kwa asili yake ni jambo linalodai kusimuliwa. Neno mwenzake, kisa, limekwisha kuingia kwenye lugha ya afya kwa maana ya tukio la ugonjwa, kama katika visa vya kipindupindu, huku likiendelea kumaanisha hadithi na sababu. Istilahi inayokumbusha kuwa nyuma ya kila tukio kuna simulizi na sababu inafaa kazi hii kuliko ile inayoanza na hukumu.

Pingamizi la mwisho ni la kisheria: kutaja ni kujiweka hatarini. Pingamizi hilo ni la haki, na halijibiwi na wanaisimu. Mhudumu akiadhibiwa kwa kilichoandikwa kwa ajili ya kujifunza, kauli ya kutendeka itarudi siku inayofuata. Kwa hiyo kumbukumbu ya mkasa inapaswa kutenganishwa na kumbukumbu ya nidhamu, kwa maandishi na kwa vitendo.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu unaelekeza kwenye hatua nne. Kwanza, hesabu yoyote ya madhara ya tiba katika hospitali za mwambao ijumlishe O86.0 pamoja na T80 hadi T88, na jedwali lolote lenye Y83 na Y84 lichapishe maneno bila kutajwa mkasa kwa ukamilifu wake. Pili, N82.0 isiandikwe bila mstari unaosema kama fistula ilifuata uchungu uliokwama au upasuaji. Tatu, kadi ya mama aliyejifungua kwa upasuaji ibebe tarehe na mahali pa upasuaji, ili kituo cha Minago au hospitali ya Kigoma ijue kuwa kidonda kinachoonekana kina siku 30 za kuhusishwa na meza ya upasuaji. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na wizara za afya za nchi wanachama, Burundi ikiwemo tangu ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2007, zishughulikie istilahi za madhara ya tiba kama mradi mmoja na muundo wa fomu, kwa sababu neno lisilo na kisanduku cha kuandikia halitumiki, na kisanduku kisicho na neno linalokubalika hubaki kitupu.

Kati ya mama wa Minago na jedwali la taifa kuna sentensi chache tu. Zikiandikwa kwa namna inayojibu wapi na vipi, jedwali litaonyesha kwa muda takwimu mbaya kuliko za leo. Mshauri wa sera atakayeliona ongezeko hilo anapaswa kulisoma kama mwanzo wa kujua, na kuzilinda hospitali zilizoandika dhidi ya kulinganishwa na zile ambazo bado zinanyamaza.